Posa Iliyonipokonya Fundi

Vijana wenye maduka na viwanda vidogo huja kuniuliza niliwezaje kuongoza watu bila matusi na bila kiboko, tena katika Nakuru ya miaka ya hamsini, wakati Hali ya Hatari ilikuwa bado juu yetu na kila mtu akitembea na kipande cha kujitambulisha mfukoni. Huwajibu kwa kirefu, maana najua ninachosema. Karakana yangu watu waliomba kuingia, hawakuomba kutoka. Jibu langu huwa zuri, nao huondoka wameridhika. Wakishaondoka humkumbuka mwanamke mmoja, fundi wa magunia, na jibu lile hupungua uzito.

Nilizaliwa kwenye shamba la mzungu upande wa Njoro, baba yangu akichunga ng'ombe wasio wake. Alikuwa na mvi kichwa kizima, na bado mtoto wa mwenye shamba alimwita boi. Vita vilinipeleka Burma, na kutoka huko nilijipenyeza hadi Uingereza kwa njia ambazo wengi hawakuthubutu kuzijaribu. Mchana nilifanya kazi katika kiwanda cha nguo, jioni nilisomea biashara. Diploma yangu sikupewa na serikali wala misheni. Niliipata kwa mshahara wa kufagia sakafu, na nilipoipata sikuwa nikifagia tena, nilikuwa nikisimamia wafagiaji.

Pale kiwandani tulikuwa na msimamizi mmoja, mzee mnene mwenye kikohozi, aliyejua wake na watoto wa mafundi wote. Mtu akiugua, alimtembelea nyumbani. Mtu akifiwa, mashine yake ilifunikwa kitambaa mpaka arudi. Niliona kwamba hakuna aliyemwibia mzee yule hata kibonge cha uzi, nikasema moyoni kwamba siku nikipata mahali pangu, nitamshinda yeye.

Na nilimshinda. Nilirudi Nakuru wakati wenzangu wengi waliokuwa na nusu ya elimu yangu wakitafuta viti katika ofisi za serikali. Mimi nilikodi godauni la mabati karibu na reli, nyuma ya visagio vya unga, nikaanza biashara ambayo watu waliicheka: kununua magunia yaliyochanika, kuyakung'uta, kuyatia viraka na kuyauza tena kwa wakulima wakati wa mavuno. Kuanzia Rongai hadi Molo hakuna mkulima asiyehitaji magunia, na gunia jipya lilikuwa ghali. Waliocheka walikuja baadaye kuomba kazi.

Kwangu hakuna aliyeitwa boi. Kila mtu alikuwa na kiti chenye mgongo, jambo ambalo hata mafundi wa Wahindi hawakuwa nalo. Mgonjwa alilipwa. Anayetaka kazi alikaa siku nzima na mafundi, nao ndio waliosema kama anafaa au hafai. Mimi nilitia sahihi tu. Na saa nne kazi ilisimama, wote tukakaa kwenye meza moja ndefu ya mbao, wanawake na wanaume, mkung'utaji na karani, na chai ya maziwa nilimimina mimi mwenyewe. Mkulima mmoja mzungu wa Subukia alinikuta na birika mkononi akaniambia kwamba nitawaharibu watu. Nilimuuliza kama magunia yake yaliwahi kurudi yanavuja. Akapakia lori lake.

Lakini haki yake nimpe: meza ile haikuwa yangu peke yangu. Katikati yake alikaa mama mmoja, yule fundi wa magunia niliyemtaja, mjane wa mfanyakazi wa reli, aliyetoka kwenye vilima vya Maragoli na kuendelea kuishi kwenye landi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli, kwa sababu shemeji yake bado alikuwa na chumba pale. Yeye ndiye aliyesimamia wanawake wa sindano. Alishona kiraka kwa uzi wa katani huku akimtazama mwenzake usoni na kumdhihaki.

Dhihaka ndiyo ilikuwa kazi yake ya pili. Fundi mgeni akishona kwa hatua ndefu, aliliinua gunia juu wote waone.

"Baba, mshono huu ni wa gunia au ni mlango? Mahindi yatapita hapa yakikusalimia."

Na aliyeoa karibuni akichelewa Jumatatu, mama aliwazuia wengine wasimkaripie. "Mwacheni akae, jamani. Huyu amebeba magunia usiku kucha."

Karakana nzima ilikuwa ikicheka mpaka vumbi la magunia likatupalia. Mgeni aliyechekwa asubuhi, jioni alikuwa mwenyeji. Watu waliogombana kwa sababu ya kabila, na miaka ile sababu hazikukosekana, waliambiwa na mama neno moja chafu kuhusu wote wawili, wakajikuta wanacheka pamoja. Nilikuwa nimesoma kwamba kiongozi lazima ajue nani hasa anaishikilia kazi. Nilimjua. Nilimwongezea mshahara kila mwaka bila yeye kuniomba.

Fundi wetu wa cherehani alikuwa kijana kutoka upande wa Kakamega, mpole, mwenye mikono iliyonuka mafuta ya mashine. Tulikuwa na vyerehani vya magunia vichache, vizee na vikaidi, naye pekee alivielewa. Mama alikuwa na binti aliyejifunza ushonaji kwenye misheni. Jumamosi binti alikuja kumngoja mama yake watoke pamoja, na Jumamosi hizo ndizo kijana alizochagua kusafisha cherehani kilichokuwa karibu na mlango. Wote tuliona. Mama aliona kabla yetu, akawa anamuuliza kijana kama cherehani kile kinaota kutu kila juma.

Kijana alinijia siku moja, kofia mkononi. Alisema baba yake amekufa, na amu yake aliyebaki ni mgonjwa, hawezi kusafiri. Anataka kuoa. Alishindwa kumaliza maneno, nikammalizia mimi: anataka nisimame mahali pa baba.

Sitaficha kwamba kifua kilinijaa. Msimamizi yule wa Uingereza alitembelea wagonjwa, lakini nani aliwahi kumwomba awe baba? Hii ndiyo iliyokuwa maana ya karakana yangu. Nilivaa suti yangu ya kijivu, nikawachukua wazee wawili wa kanisa, tukaenda landi kuposa.

Mama alitupokea vizuri. Shemeji yake ndiye aliyezungumza kwa niaba ya upande wao, kama ilivyo desturi, na mimi nilizungumza kwa upande wa kijana, na nilizungumza vizuri mno. Ng'ombe walikubaliwa, wengine wangesubiri. Tulipokuwa tukiaga, mama alinivuta kando karibu na jiko.

"Bwana, umefikiria kazi?"

"Kazi itazidi kuwa nzuri, mama. Sasa tumekuwa familia."

Alisogeza sufuria jikoni. Kisha akasema, "Haya," akarudi ndani kwa wanawake wenzake.

Harusi ilifanyika kanisani, karakana ikafungwa siku ile, na nadhani hakuna mwajiri katika mji ule aliyetoa likizo kwa watu wake wote wacheze ngoma. Jumatatu iliyofuata mama alikuja kazini kama kawaida, lakini hakuingia. Alisimama nje, mgongo kwenye mabati, kanga imefunika nusu ya uso. Niliona jambo ambalo sitalisahau: fundi wangu wa cherehani, mtu mzima, aliinuka kwenye kiti chake, akakanyaga rundo la magunia, akatoka kwa dirisha la nyuma. Ndipo mama akaingia, macho chini, akakaa mahali pake. Wanaume walibanwa na vicheko wakijaribu kuvizuia.

Nilimuuliza mzee wa kukung'uta magunia kulikoni. Alinitazama kama anayefikiri ninamtania.

"Mtu na mama mkwe wake, bwana? Wanaonana wapi? Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawashikani mkono."

Nilijua desturi hiyo. Nani asiyeijua? Kwetu pia iko, kwa namna yake. Lakini nilikuwa nimedhani imebaki kule kwenye vilima na kwamba reli haikuipakia pamoja na watu. Niliuliza kwa nini hakuna aliyeniambia kabla ya posa.

"Tulijua wewe umesoma," mzee alisema. "Tulidhani umepanga."

Basi nikapanga. Mtu wa diploma hashindwi na mlango. Nilitoboa mlango wa pili upande wa nyuma, mama awe na wake na kijana awe na wake. Nilishona magunia mapana pamoja, nikayatundika kwenye waya kutoka ukuta hadi ukuta, wanawake wa sindano na cherehani kimoja upande huu, vyerehani vingine upande ule. Chai tukainywa kwa zamu mbili. Ratiba niliiandika mwenyewe, na kwenye karatasi ilikuwa ratiba nzuri. Cherehani cha upande wa wanawake kilipokwama, mzee wa kukung'uta alipiga kelele, "Njia," mama akatoka nje, kijana akaja akakitengeneza, akarudi, mama akaingia. Siku za kwanza watu walifurahia mchezo huo.

Jambo ambalo sikulipangia ni sauti. Pazia la magunia huzuia macho, halizuii masikio. Mama hangeweza kutamka neno la utani wa watu wazima mkwe wake akisikia, heri afe. Na utani wake karibu wote ulikuwa wa watu wazima. Akaanza kunyamaza. Kwanza alinong'ona, wanawake wakaviinamisha vichwa pamoja, kicheko kikatoka kidogo kama maji ya bomba la landi. Halafu hata kunong'ona kukaisha. Alishona. Mgeni akishona hatua ndefu, mama alilifumua gunia lile kimya na kulishona upya mwenyewe.

Kwa msimu mmoja wa mavuno nilisikia sindano zikitoboa magunia. Sikuwahi kuzisikia kabla. Watu walikuja kwa wakati na kuondoka kwa wakati. Wawili wa Kikuyu na mmoja wa Kijaluo waligombana kuhusu kiti, ugomvi wa kitoto, ukachukua majuma, kwa sababu hakuna aliyewatukana wote kwa mpigo. Mgeni mmoja aliacha kazi siku ya pili. Nilimuuliza kama amekosewa. Alisema hapana, bwana, hakuna aliyenikosea, hakuna aliyenisemesha.

Kijana alinijia, akasema ataondoka yeye. Kisagio cha unga kilimtaka na kingemlipa. Nilikataa. Nilimwambia kwamba mimi sijengi mahali kwa kuwatoa watu, na nilisema kweli, ndivyo nilivyoamini. Nilitaka wote wawili. Nilitaka mambo yarudi yalivyokuwa, na nilikuwa na hakika kwamba kwa mtu kama mimi ipo njia.

Njia niliipata kwa mzee wa kukung'uta. Aliniambia kwamba kwa watu wa mama haya hiyo ya wakwe si ya milele. Mtoto wa kwanza akishazaliwa, mkwe humpelekea mama mkwe mbuzi na blanketi, wazee wakiwepo, na tangu siku hiyo wanaweza kusalimiana na kukaa mahali pamoja bila kukimbiana. Nilimuuliza kama ni lazima kumngoja mtoto. Alikuna kichwa. Alisema hajawahi kuona watu wasiongoja, lakini pia hajawahi kuona karakana yenye pazia.

Mimi si mtu wa kungoja. Nilinunua mbuzi mnene sokoni, jike jeupe, na blanketi zito la sufu ambalo hata mimi sikuwa nalo. Nikamwita kijana twende. Aliinamisha kichwa akasema bwana, bado. Nikamwambia mimi ndimi baba yake katika jambo hili, na baba amesema twende. Akaja, akishika kamba ya mbuzi kama anayepeleka mnyama wa mtu machinjoni.

Tulifika landi saa za alasiri, siku ya Jumapili. Kijana alibaki mbali, kwenye kona ya safu ya nyumba. Mimi niliikamata kamba, nikabisha. Mama alitoka, akamtazama mbuzi, akatazama blanketi lililokuwa begani mwangu.

"Mbuzi huyu anatoka nyumba gani?"

Nilisema ni wa mkwe wake.

"Mkwe wangu hana haraka hivi. Mke wake hata tumbo hana." Alisema bila hasira. "Huyu ni wako. Umemnunua ili mimi nirudi kuwachekesha watu wako."

Nilianza kueleza. Nilieleza kwamba karakana imepooza, kwamba kila mtu anamhitaji, kwamba desturi hutengenezwa na watu na watu wanaweza kuziharakisha. Nilimwahidi cheo cha msimamizi na chumba chake chenye mlango. Nadhani nilizungumza vizuri kama siku ile ya posa. Aliniacha mpaka nikamaliza, kisha akaniletea kigoda nikae nje, na yeye akakaa kizingitini, uso ameuelekeza pembeni. Hapo ndipo nilipoona kwamba hata mimi hanitazami usoni.

"Mzazi mwenzangu," alisema.

Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Tangu aingie kazini nilikuwa bwana.

"Ulikuja hapa na suti, ukakaa kwenye kiti cha baba. Nilikuuliza kama umefikiria kazi. Ukaniambia tumekuwa familia. Mimi nilikusadiki. Shida si yule kijana, yule anaweza kupita dirishani mpaka azeeke. Shida ni wewe. Baba wa mwanamume atanipaje mshahara Jumamosi, mbele ya watu? Watu watasema nimetoa binti kwa ng'ombe, kisha mwenyewe nikafuata kwa shilingi."

Nilimwambia hakuna anayesema hivyo.

"Wanasema. Wanasemea pale ambapo wewe unamimina chai na husikii."

Katika diploma yangu tulisomea mikataba ya kila aina, ya mauzo, ya kukodi, ya ubia, lakini sikuwahi kusomea mtu afanye nini anapoambiwa kwamba amekuwa jamaa mno kuweza kuwa mwajiri. Nilikuwa nimejivunia, tena kwa haki, kwamba kwangu wafanyakazi ni familia. Mwajiri husema neno hilo na mfanyakazi hutabasamu, kila mmoja akijua ni namna ya kusema. Mama peke yake ndiye aliyelichukua kama lilivyo.

Alisema hataniacha katikati ya mavuno, kwa sababu si tabia ya wakwe kuaibishana. Atamaliza magunia ya ngano yaliyokuwa yamelundikana, kisha ataenda kwao Maragoli, kwa dada yake. Mbuzi alimkataa. Blanketi alilikataa pia. Aliniletea chai, akaiweka chini mbele ya kigoda, akarudi ndani mpaka nilipomaliza kuinywa. Kijana na mimi tulimrudisha mbuzi mjini.

Baadaye, wakati tayari hayupo, niliona ambavyo ningefanya. Ningempelekea magunia landi kwa mkokoteni, akayashona na wanawake aliowachagua mwenyewe, nikayanunua kwake kama mfanyabiashara anavyonunua kwa mwenzake. Hapo hakuna mshahara, hakuna Jumamosi. Kuna wazazi wawili wanaouziana. Ni wazo dogo kabisa. Mtu wa sokoni, asiyejua hata kusoma, angeliwaza akisubiri chenji. Nilimtumia salamu kwa mtu wa reli aliyekuwa akienda Kisumu. Jibu lilikuja kwamba mama ameshaanza kulima shamba la dada yake, na kwamba anamshukuru mzazi mwenzake kwa kumkumbuka.

Sijapata tena mtu kama yeye. Nimewaajiri wengi, wengine wazuri sana, na biashara ilikua mpaka tukachukua godauni la pili. Watu bado wanasema mahali pangu palikuwa pazuri pa kufanya kazi, na mimi husema kweli, palikuwa pazuri. Lakini mimi niliyepajua kabla najua walichokikuta wao ni nusu.

Siku yake ya mwisho alishona mpaka gunia la mwisho la rundo. Nilitaka kuwakusanya watu, niseme maneno, nimpe zawadi. Hotuba nilikuwa nimeiandaa. Alinifanyia ishara ya mkono kwamba hapana. Alizunguka kwa wanawake wa sindano mmoja mmoja, akawainamia masikioni, na kila aliyenong'onezwa aliziba mdomo kwa kanga, mabega yakitikisika. Alipofika kwangu alisimama mbali kidogo, macho kwenye viatu vyangu.

"Mzazi mwenzangu, mtoto wetu anakula akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye mashine. Binti yangu ameniambia. Mkalishe chini ale."

Nikamjibu kwamba nimesikia.

Upande wa pili wa pazia cherehani kilikuwa kikinguruma. Mzee wa kukung'uta alikuwa tayari amefungua mdomo ili atangaze njia, lakini mama alimnyamazisha kwa kidole. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akaurudisha polepole, ili kijana asilazimike kuinuka.